Kobe wa Maji Katika Silanga Yetu: Anakula Nini, na Tumtunze Vipi?



Kila mwisho wa kiangazi, vikundi vingi vya mwethya hapa Machakos huingia katika silanga kutoa matope, ili mvua ya Oktoba hadi Desemba ikija ipate mahali pa kukaa. Katika kazi hiyo jembe hugonga kitu kigumu. Mtu akiinama aondoe jiwe, anakuta si jiwe bali ni kobe aliye hai. Hapo kazi husimama na kila mtu huwa na shauri lake. Mmoja anasema apigwe kwa sababu ati ndiye anayechafua maji. Mwingine anasema apelekwe nyumbani, watoto wamfuge katika karai. Wa tatu amesikia kuna mtu mjini ambaye hununua.

Vikundi vingine vimetuuliza tufafanue jambo hili: kobe wa maji anakula nini, anatunzwaje, na je, anaweza kuwa mradi wa kikundi? Tutajibu moja kwa moja. Lakini jibu lenyewe kwa ufupi ni hili: kobe wa maji hutunzwa kwa kutunza silanga. Katika karai hafugwi, huko anakufa polepole, na upole huo wa kufa ndio unaotudanganya.

NI KOBE GANI HUYU?

Sisi humwita kobe tu, lakini kobe si wa namna moja. Yuko kobe wa nchi kavu, mwenye gamba lililoinuka kama sufuria iliyofunikwa na miguu minene kama ya ndovu mdogo. Huyo hula nyasi na majani, na ukimtupa katika maji ya kina atazama afe. Yuko kasa wa baharini, kule Lamu, Malindi na Mombasa, ambaye miguu yake ni kama makasia. Halafu yuko huyu wetu wa silanga. Gamba lake ni bapa, lenye rangi ya tope, na mkubwa wao mara nyingi hutoshana na sahani ya kulia chakula. Vidole vyake vimeunganishwa kwa ngozi kama vya bata, na chini ya kidevu ana vindevu viwili vidogo.

Njia ya haraka ya kumtambua ni shingo. Kobe wa nchi kavu akiogopa huvuta kichwa ndani moja kwa moja. Huyu wa silanga hukunja shingo kwa upande na kukiweka kichwa chini ya ukingo wa gamba, kama kuku anayelala na kichwa chini ya bawa.

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kobe huyu ni wa aina moja tu katika nchi zote za kusini mwa Sahara. Mwaka 2014 walipochunguza chembe zao za urithi, walitangaza kwamba kuna aina zisizopungua kumi. Aina moja ya Tanzania wakaipa jina la kitaalamu Pelomedusa kobe, kutokana na neno letu la Kiswahili. Kwa hiyo hata wale waliosoma sana bado wanajifunza juu ya huyu tunayempiga jembe.

Katika mito isiyokauka kabisa, kama Athi, kuna ndugu yake mkubwa zaidi. Huyo gamba lake la tumbo lina bawaba kama ya mlango, akiogopa huifunga sehemu ya mbele. Yeye hupenda maji ya kudumu. Lakini huyu mdogo wa silanga amejaliwa kuishi katika maji yanayokuja na kuondoka, na ndiyo sababu Ukambani panamfaa.

Maji yakikauka hujizika katika tope. Tope likishakauka juu yake, yeye hubaki chini, moyo ukipiga polepole, bila kula, kwa wiki nyingi au miezi. Mvua ikinyesha na udongo ukilainika, hutoka. Wakati mwingine huhama kabisa na kutembea nchi kavu kutafuta maji mengine. Basi ukimwona kobe akivuka barabara baada ya mvua ya kwanza, jua kwamba hajapotea. Anajua anakokwenda.

JAMAA YAKE MWENYE NGOZI LAINI

Tumeulizwa pia juu ya kobe wa ngozi laini, kwa kuwa wengine wamesikia kwamba huko ng'ambo wanalipa fedha nyingi kwa ajili yake. Kobe huyo hapatikani Machakos. Hapa Kenya anajulikana hasa katika Ziwa Turkana. Badala ya magamba magumu juu ya mgongo ana ngozi laini, kila mguu una kucha tatu, na pua yake ni ndefu kama mrija. Hujifukia katika mchanga penye maji ya kina kidogo, akatoa ile pua tu juu ya maji kuvuta pumzi. Anaweza pia kuvuta hewa kidogo kutoka katika maji kwa njia ya ngozi na koo, ndipo hukaa chini muda mrefu. Mkubwa wake hukaribia urefu wa mita moja. Tanzania, katika mto Rufiji na mto Ruvuma, yuko mwingine wa jamii hiyo ambaye chini ana vifuniko vya ngozi vya kufunika miguu ya nyuma.

Hawa wa ngozi laini hula samaki, konokono, kaa, wadudu, vyura na mizoga, na yule wa Turkana na mto Nile hata matunda yaliyoanguka majini huyala. Ngozi yao ni rahisi kuumia. Wakiwekwa mahali penye saruji inayokwaruza au maji machafu, hupata vidonda, na vidonda huoza. Wanahitaji mchanga laini wa kujifukia, maji mengi na joto. Tunayasema haya ili ionekane kwamba kila kobe wa maji ana makao yake, na mtu hawezi kuyatengeneza kwa karai na debe.

CHAKULA CHA KOBE WA SILANGA

Huyu wetu hachagui sana. Katika silanga yenye afya yeye hula:

- wadudu wa majini na watoto wao, kama wale wa kereng'ende;
- viluwiluwi, vyura na mayai ya vyura;
- konokono na nyungunyungu;
- kaa wa mtoni na samaki wadogo;
- mizoga, yaani chochote kilichokufa majini;
- mimea ya majini, kwa kiasi.

Watu wamemwona pia akiwakamata ndege wanaokuja kunywa maji, kama njiwa. Hujificha chini, akasubiri, kisha akamvuta ndege miguu. Huko Afrika Kusini wamewahi kumwona akibandua kupe kwenye miili ya vifaru walioingia majini kuoga.

Angalia tena orodha hiyo. Konokono ana nyumba yake ngumu, kaa ana gamba, samaki ana mifupa, mdudu ana ganda. Kobe humeza vyote pamoja. Katika hayo maganda na mifupa ndimo anamopata madini ya chokaa ya kujengea gamba lake. Na akitoka kuota jua juu ya jiwe au ukingoni, si uvivu. Jua linaupa mwili wake joto la kusaga chakula, na pia linautengenezea vitamini D, ambayo bila hiyo yale madini hayaingii katika mifupa. Kwa hiyo chakula cha kobe ni mambo matatu yanayokwenda pamoja: mnyama mzima mwenye mifupa, jua la kweli, na maji. Tunasema maji kwa sababu kobe huyu humezea chakula ndani ya maji. Ukimwekea chakula mahali pakavu, mara nyingi atakiangalia tu.

KWA NINI HUFA KATIKA KARAI

Sasa tuseme mtoto amemleta nyumbani. Anamtia katika karai la maji na kumpa ugali, mkate, sukuma wiki, au mchuzi uliobaki. Kobe anakula kidogo, au hali kabisa. Wiki inapita, mwezi unapita, yuko hai. Watu wa nyumba wanasema, "Kumbe ni rahisi kumfuga!"

Hapo ndipo tunapodanganyika. Kuku akinyimwa chakula utajua baada ya siku mbili. Kobe ameumbwa kuvumilia miezi ya ukame bila kula, na uvumilivu huo huo humfanya afe polepole sana katika karai. Angalia jinsi mambo yanavyokwenda:

1. Gamba linalegea. Ugali na mkate havina chokaa ya kutosha. Mwili wake unaichukua kutoka katika mifupa na gamba lake mwenyewe. Kobe mdogo ukimbonyeza kidogo unaona gamba linabonyea.

2. Macho yanavimba na kufunga. Mara nyingi hii ni dalili ya kukosa vitamini A, ambayo porini angeipata katika viumbe wazima anaowala pamoja na maini yao. Asipoona hawezi kutafuta chakula.

3. Maji yanamwunguza. Anajisaidia katika maji yale yale anayokunywa na kulia. Uchafu huo katika karai dogo hugeuka sumu kwa siku chache tu, na gamba na ngozi huanza kuoza.

4. Baridi inamzidi. Joto lake hutegemea mahali alipo. Usiku wa Julai hapa kwetu ni baridi. Katika silanga angejizika, lakini katika karai hana pa kwenda. Chakula alichokula hakisagwi vizuri, na kifua kinaweza kumshika. Utamwona akipumua mdomo wazi, mapovu puani.

5. Jua likiwa kali nalo linamchoma, kwa maana maji ya karai hupata moto upesi na hakuna kivuli cha kukimbilia.

Mambo haya huchukua miezi. Siku atakapokufa, watu watasema aliumwa ghafla. La, alianza kufa siku ile alipotolewa katika tope.

Pia kuna hatari kwa watu. Kobe, hata aliye mzima, anaweza kubeba vijidudu vya salmonela vinavyoleta kuhara na homa, na ni vya jamii moja na vile vya homa ya matumbo. Watoto wadogo na wazee ndio wanaoumia zaidi. Karai ambalo kobe amekaa lisitumiwe kuoshea vyombo wala kuogeshea mtoto. Na kila aliyemshika kobe anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

MANENO YA WATU, NA UKWELI WENYEWE

"Kobe anachafua maji." Silanga huchafuliwa na mavi ya ng'ombe na mbuzi wanaoingia kunywa, na udongo unaoletwa na mvua kutoka mashamba yasiyo na matuta. Kobe hula mizoga ambayo ingeoza humo. Hata hivyo, akiwapo au asiwapo, maji ya silanga ya kunywa lazima yachemshwe au yatiwe dawa.

"Ana sumu, ndiyo sababu ananuka." Akishikwa hutoa majimaji yenye harufu mbaya ili aachwe. Si sumu, na harufu inatoka kwa sabuni. Lakini anaweza kuuma na kucha zake zinakwaruza.

"Anatoboa ukuta wa silanga." Hujizika katika tope la sakafuni, na jike huchimba shimo dogo la mayai ukingoni, kina chake kama kiganja hivi. Ukuta unaovuja mara nyingi umeharibiwa na mchwa, panya, mizizi ya miti iliyopandwa juu ya ukuta, au kwato za ng'ombe. Hapo ndipo pa kuangalia kwanza.

"Anakula samaki na vifaranga vya bata." Hili lina ukweli na hatutaficha. Tangu mwaka 2009, serikali ilipowasaidia wakulima wengi kuchimba mabwawa ya samaki, swali hili limekuwa kubwa. Kobe akiingia katika bwawa la samaki wadogo atawala. Lakini dawa yake si kumwua. Zungushia bwawa mabati ya zamani yaliyosimamishwa, urefu wa magoti unatosha, na sehemu ya chini izikwe kidogo. Kobe hawezi kupanda bati laini. Aliyekwisha kuingia mtoe umrudishe katika silanga au kijito kilicho karibu. Vifaranga vya bata navyo viwekewe maji yao nyumbani mpaka wakue.

JE, TUNAWEZA KUMFUGA KAMA MRADI?

Ni kweli kwamba nchini China na kwingineko Asia kobe wa ngozi laini wa huko hufugwa kwa mamilioni kwa ajili ya kuliwa. Lakini tuangalie wanafanyaje. Ni aina ya kwao, iliyozoeleka kufugwa kwa miaka mingi. Hulishwa chakula chenye unga mwingi wa samaki, na mara nyingi huwekwa katika majengo ambamo maji yanapashwa moto ili wakue haraka. Hiyo ni kazi ya mtaji, umeme na maji mengi. Kikundi kinachotembea kilomita mbili kutafuta mtungi wa maji ya kupikia hakina maji ya kupasha moto kwa ajili ya kobe.

Huyu wetu naye hukua polepole. Jike hutaga mayai kumi hadi thelathini hivi, nayo hukaa ardhini karibu miezi mitatu kabla ya kuanguliwa. Wengi wa watoto huliwa na kenge, nguchiro na ndege. Wachache wanaobaki wanahitaji miaka kadhaa kabla ya kutaga wenyewe. Kwa hiyo majike wawili au watatu wakubwa katika silanga ndio akiba yote ya mahali pale. Ukiwauza leo, umekula mbegu.

Na kuna sheria. Kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kobe huyu ni mnyamapori. Kumfuga, kumwuza au kumsafirisha bila kibali ni kosa, na adhabu yake ni nzito kuliko bei yoyote utakayopewa na mnunuzi. Anayetaka kibali huanzia kwa KWS. Nchi za dunia nazo zimekaza kamba. Mwaka 2016, katika mkutano uliofanyika Johannesburg, kobe wa ngozi laini wa Afrika waliwekwa katika orodha ya wanyama ambao biashara yao kati ya nchi na nchi lazima idhibitiwe. Mwaka 2019 yule kobe bapa wa kwenye miamba, ambaye jirani zetu wa Kitui wanamfahamu, aliwekwa katika orodha kali kuliko zote, kwa sababu wanunuzi wa kumpeleka ng'ambo walikuwa wanammaliza.

Mara nyingi yule mnunuzi hakamatwi. Anayekamatwa ni kijana wa kijiji aliyebeba gunia. Wenyeviti wa vikundi, waelezeni vijana wenu jambo hili kabla mgeni mwenye gari hajafika.

SIKU YA KUTOA MATOPE: LA KUFANYA

Kikundi kikiwa na mpango, kobe haichelewi kazi hata kidogo. Tunashauri hivi:

1. Chagueni mtu mmoja au wawili wa kuangalia kobe siku hiyo. Vijana wanaifanya kazi hii vizuri.

2. Gaweni silanga sehemu mbili. Mkiweza, toeni matope upande mmoja mwaka huu na upande wa pili mwaka ujao. Kama lazima mmalize yote, acheni pembe moja yenye kina, yenye tope la zamani, msiiguse mpaka mwisho.

3. Mahali penye tope lenye unyevu, tumieni sepetu au jembe kwa kuchota taratibu, msipige kwa nguvu kutoka juu.

4. Akipatikana kobe, mshikeni kwa mikono miwili pande zote za gamba, karibu na miguu ya nyuma, kichwa kikiwa mbali nanyi. Msimshike mkia wala mguu, na msimwache chali juani.

5. Mwekeni katika karai lenye tope bichi au gunia lililoloweshwa, kivulini. Msimtie katika maji ya kina, kwa kuwa aliyekuwa amelala ardhini anaweza kushindwa kuogelea akazama. Kumbukeni kwamba kobe wa maji huvuta pumzi kama sisi.

6. Msimlishe. Aliyelala hahitaji chakula.

7. Jioni ile ile mrudisheni katika ile pembe iliyoachwa. Chimbeni kishimo katika tope lenye unyevu, mwekeni, mfunikeni kwa tope laini na majani makavu, na atajizika mwenyewe zaidi. Msimpeleke mto wa mbali, maana hajui njia za huko na anaweza kupeleka magonjwa.

8. Gamba likipasuka kwa jembe, oshweni jeraha kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa yakiwa na chumvi kidogo, mwekeni mahali penye unyevu na kivuli pasipo nzi, na mwiteni afisa wa mifugo au KWS. Gamba ni mfupa ulio hai, na linaweza kupona.

9. Naweni mikono kwa sabuni kabla ya kula isyo ya mchana.

KUTUNZA SILANGA NDIKO KUMTUNZA KOBE

Mambo ambayo kobe anayahitaji ndiyo yale yale ambayo kikundi kinayahitaji.

Msioshe pampu ya dawa ya nyanya wala ya kupe katika silanga au juu yake. Dawa inaua wadudu na viluwiluwi kwanza, kisha kobe anakosa chakula au anakula sumu. Na nyinyi je, mnayekunywa maji hayo?

Chimbeni matuta ya fanya juu katika mashamba ya juu ya silanga na pandeni nyasi ukingoni. Silanga isiyojaa udongo haraka haihitaji kutolewa matope mara kwa mara, na kobe haguswi na jembe.

Wekeni uzio wa miiba na mnyweshee ng'ombe chini, katika hori. Kwato hukanyaga mayai ya kobe, na mavi huharibu maji ya watu.

Acheni mawe machache au gogo ukingoni panapopata jua la asubuhi. Hapo ndipo pa kobe kuota jua.

Nyavu zilizochakaa zisiachwe majini. Kobe akinaswa chini hawezi kupanda kuvuta pumzi, anakufa maji.

Mkimwona barabarani, mvusheni upande ule ule aliokuwa akielekea. Msimrudishe alikotoka, atageuka na kuanza tena. Waendeshaji wa bodaboda tunawaomba wapunguze mwendo karibu na silanga baada ya mvua.

Na kwa walimu wa shule zetu: msiwaagize watoto walete kobe darasani. Wapelekeni watoto silangani asubuhi, wakae kimya mbali kidogo, waandike wanachoona kobe akila. Watajifunza zaidi ya yale wangejifunza kwa kobe anayekufa katika karai.

Kazi ya kwanza ambayo mwanadamu anapewa katika kitabu cha Mwanzo ni ya kulima na kutunza, zote mbili pamoja. Wazee wetu na akina mama wa mwethya wamelima na kuchimba silanga hizi kwa jasho. Kobe hakuchimba, lakini aliingia humo kwa imani kwamba panakalika. Silanga ambayo kobe anaishi na kutaga bado ina uhai ndani yake. Siku mtakapoona hakuna kobe, hakuna chura, hakuna kereng'ende, kaeni chini kama kikundi mjiulize maji yenu yamepatwa na nini.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika silanga yetu, ni nani kati yetu amewahi kuona kobe, na lini mara ya mwisho? Je, wamepungua kuliko zamani?

2. Pampu za dawa tunaziosha wapi? Tunaweza kuweka mahali pamoja mbali na maji?

3. Mwaka huu tutatoa matope upande gani, na ni pembe gani tutaiacha?

4. Mgeni akija kununua kobe, nani atazungumza naye, na atajibu nini?

Katibu wa kikundi aandike majibu katika kitabu cha mikutano, yasomwe tena kabla ya siku ya kuingia silangani. Mungu awape nguvu katika kazi yenu, na mvua njema.